Uso wa Mjomba Ndani ya Kofia

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Baba Paroko, Shehe wetu, Mama Shakila uliyechapa vitabu hivi, wazee wenzangu mlioteremka mlimani tangu alfajiri, ndugu wageni waalikwa: Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam aleykum. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea, hata zile ambazo hamjatoa.

Naitwa Agustino, mkulima wa karoti na kabichi kule juu ya Mlali. Nimesimama hapa kwa sababu Editha, tunayempongeza leo kwa kumaliza kitabu cha saba na cha mwisho cha katuni zake, ni mtoto wa dada yangu, marehemu Theresia. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wa kumsemea ni mjomba. Basi nitamsemea, ingawa nimechelewa miaka sita.

Hadithi yake mnaijua. Ukoo mmoja umepanda chombo cha angani, unatafuta dunia nyingine ya kuishi. Ndani ya chombo mna matuta ya ngazi yaliyopandwa karoti, kama ya kwetu, na chungu cha udongo wa nyumbani, ambao kila mtoto akizaliwa hukanyagishwa. Anayekiendesha chombo ni mjomba wao, kavaa kofia ya kioo kubwa kuliko ya bodaboda. Ndani ya kofia hamna uso. Weupe mtupu.

Wasomi wameeleza kwamba weupe ule ni kesho tusiyoijua. Mimi sikusoma hivyo. Kitabu cha kwanza kiliponifikia nilisema, huyu mtoto ananizika nikiwa hai. Mjomba asiye na uso si maiti huyo? Nikamtamkia mbele ya watu kwamba kwenye ardhi ya ukoo hana hata tuta moja. Akaitikia, "Sawa, mjomba," akateremka mjini. Nilikuwa mzee wa ukoo, jamani, na nilikuwa mpumbavu.

Mwezi uliopita alipanda mlima. Shikamoo yake niliiitikia macho yangu yakiwa kwenye kabichi. Akatoa penseli na karatasi, akaniomba nikae. Nikamuuliza kwa nini miaka yote hiyo aliniacha mtupu.

Akasema, "Mjomba, mama alipofariki uliacha kucheka. Uso wa zamani sikuukumbuka vizuri, na huu wa sasa sikutaka watu wauone. Nikakuachia nafasi."

Ndugu zangu, nani kati yetu amewahi kutunziwa nafasi miaka sita na mtu aliyemfukuza mwenyewe? Nililia. Halafu mbuzi akaila karatasi ya kwanza, nikacheka, naye akachora mbiombio kabla sijanyamaza.

Asubuhi ya leo nimefungua ukurasa wa mwisho. Chombo kimetua. Mjomba amevua kofia, anacheka, na pengo langu lipo palepale. Mikononi ana kile chungu, anampa mpwa wake.

Sasa mimi nishindwe na picha? Editha, mwanangu, simama. Ndani ya mkebe huu mna udongo wa shamba la mama yako. Sikumpa mtu mwingine. Yamekaa magugu tu. Mbele ya Mheshimiwa, viongozi wa dini na wazee wa ukoo, nalitangua neno langu. Shamba ni lako. Njoo upokee.

Na ninyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa niruhusuni nimtazame mtoto wangu.