Mchicha Wenye Matundu

Benchi letu liko Mtoni, upande wa kushukia bondeni. Kahawa nauza mie, na anayekuja pale anajua ulimi wangu unakuja na kikombe. Asubuhi hiyo ishu ilikuwa Albano, Mmakonde wa Newala anayelima mchicha bondeni na kuutembeza mtaani kwa beseni. Tangu lifunguliwe lile duka kubwa lenye milango ya vioo kule barabarani, wanawake wa huku wananunua mchicha uliofungwa kwenye nailoni, na stika ya kijani juu yake: KILIMO HAI. Beseni la Albano limekuwa linarudi bondeni kama lilivyotoka.

Mbwana tunamwita Daktari wa Simu, maana tiba zake zote anazitoa kwenye simu. Ndiye aliyeanza kutufasiria hilo neno.

— Hai maana yake umekatwa haujafa. Ukifungua ile nailoni, unapumua.

— Na wa Albano? nikamuuliza.

— Ule maiti, mama.

Venance akamkatalia. Huyu ni Mkemia, kwa kuwa zamani alilinda geti la kiwanda cha sabuni. Akasema nguvu yote iko kwenye stika. Mdudu akiiona tu, anageuza.

— Kwani mdudu anajua kusoma?

— Mdudu wa mjini, mama.

Nikawaambia wanyamaze kidogo. Miaka yote hii tumekula mkononi mwa Albano. Kisima chake tunakijua, samadi yake tunaiona ikishuka na toroli kutoka kwenye banda la ng'ombe la jirani yetu Monica. Na majani yake yana matundu. Sisi tulikuwa tunatafuta hayo matundu, maana jani alilokula mdudu asife, na mtoto atakula. Hatukuhitaji stika.

Mkemia akasema hayo ya kizamani. Mkewe alishamrudishia Albano fungu zima mbele za watu, kwamba yeye hali makombo ya wadudu. Wakacheka. Na hakuwa peke yake, mtaa mzima ulikuwa unarudisha.

Tukiwa hapo, Albano mwenyewe akapandisha na beseni kichwani. Akanipa shikamoo, akalitua karibu na jiko langu. Majani yalikuwa mapana, yanang'aa, hayana hata tundu moja.

— Sasa huu ndio mchicha, braza, akasema Mkemia, na hapo hapo akajichagulia mafungu mawili, akayapakata.

Mie nikainama, nikanusa. Nikamtazama Albano.

— Nimenunua bomba la dawa ya wadudu, mama, akasema taratibu. Jana nimepiga matuta yote. Wanataka majani mazima. Nikiendelea kurudi na beseni, kodi ya lile eneo itanishinda, mwenyewe atalichukua, na wanangu sina pengine pa kuwalisha.

Daktari wa Simu akaomba nimwongeze kahawa.

Ndipo akaja mwanamke mgeni, kabeba sufuria. Akasema anaitwa Bupe, kahamia nyumba ya nyuma kutoka Tabata na mama yake, ambaye ndio kwanza katoka hospitali.

— Shikamooni. Nimeambiwa hapa kuna baba anauza mchicha anaolima mwenyewe, hata matundu unayo. Hospitali wameniambia mama nimpe mboga za majani, ila zisiwe za dawa. Eti baba, huu naweza kumpa mgonjwa?

Albano akatazama beseni, kisha akanitazama mie. Mie niliyezoea kuwasema wote, nikajikuta nachochea jiko lisilohitaji kuchochewa. Mkemia akashusha yale mafungu mawili chini ya benchi. Bupe akatungoja, sufuria mkononi, akidhani labda hatukumsikia.

— Au nikamchukulie ule wa stika?