Mama Vifuniko, Bibi Shamba Wetu

Mimi ni mdogo wake marehemu, mshona viatu. Asubuhi hii mkurugenzi wa ofisi ya kilimo amenitumia ujumbe kwamba nisitoneshe vidonda. Nimemsikia. Naanza.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa mchoma matofali na mkulima wa mahindi. Alichelewa kuanza shule kwa sababu alikuwa akitubeba sisi mgongoni. Hata hivyo, mwaka 1984 alimaliza chuo cha kilimo akiwa wa pili. Wa kwanza ndiye leo mkurugenzi wetu, ambaye dada alilazimika kumwonyesha tofauti ya mtama na magugu.

Aliolewa mwaka 1987 na fundi baiskeli. Kabla ya hapo, wiki moja baiskeli yake ilipata pancha nne, kila moja siku moja baada ya fundi huyo kuiziba. Akamwambia shemeji, "Wewe fundi, ama hujui kuziba, ama unataka kuniona. Sema kimoja." Shemeji akasema kuziba anajua.

Alikuwa bibi shamba kwa miaka thelathini na mbili. Mwaka 2003 ofisi ilileta mashine za kupandia. Dada alizijaribu kwenye udongo wetu mzito, akaandika kuwa zinazamisha mbegu mno. Mkurugenzi, ambaye viatu vyake sijawahi kuvitoa tope, alimjibu mkutanoni: "Mama, teknolojia haiogopi udongo." Wapambe wake wakapiga makofi. Mbegu zikaozea ardhini, wakulima arobaini wakakosa mavuno, na ripoti ikasema bibi shamba hakuwaelimisha. Akapelekwa stoo kuhesabu majembe.

Hakulia. Kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda kuwafundisha wakulima, akiwa na kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi, na mfuko wa vifuniko vya soda. Kila shimo kifuniko kimoja cha mbolea, si kumwaga kama mtu anayelisha kuku. Mjane mmoja ndiye aliyekubali kwanza. Shamba lake lilikuwa likitoa magunia manne kwa ekari. Mwaka 2005 lilitoa kumi na moja.

Hapo ndipo wakubwa walipoijua njia. Walikuja na kamera, wakapigwa picha wakiwa wameikunja kamba kama wanakwenda kufunga mbuzi. Picha ipo ukutani ofisini, dada hayumo. Nilipofoka, alinituliza: "Wacha we! Mahindi hayajui nani kapigwa picha."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Wakulima walipeana zamu za kumsindikiza kusafishwa damu. Kutoka ofisi ya kilimo hadi hospitali ni hatua mia mbili, lakini hakuna mkubwa aliyezimudu. Alifariki nyumbani tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na mimi.

Ofisi imeleta salamu za kurasa tatu zisomwe hapa. Nimezipitia. Zinasema "mradi wetu wa vifuniko". Shemeji naye akazipitia, akazikunja, akasema, "Hazisomwi." Badala yake atazungumza yule mjane. Yupo pale nyuma, amesimama juani tangu saa mbili. Mheshimiwa mkurugenzi, inuka umpishe kiti.

Dada, umechoka kwa haki. Lala kwa amani.