Mzee Kaha, Punda Wake na Pua ya Bwana Ruru

Leo ni siku ya kumi ya mwezi wa pili wa mavuno. Mzee Kaha anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya kioo ya ikulu, upande wa magharibi wa mto. Mimi ninayeandika ni Tari, mchochea tanuru, mtu wa Buheni, na ni mwaka wa saba tangu niage kwetu. Wenzangu wamenipa kazi hii ya kumuaga kwa sababu wanaojua kuandika vizuri wanamwogopa msimamizi.

Mzee Kaha alianza kwa kuponda mchanga. Baadaye akawa fundi wa vichupa vya manukato, vile vya buluu vyenye mawimbi ya njano na meupe. Wote tunazungushia kioo cha moto kwenye moyo wa udongo na samadi ulioshikwa na fimbo ya shaba. Lakini nyuzi za rangi akizivuta yeye kwa ile ncha yake ya shaba, zinalala kama manyoya ya bata. Mabibi wa ikulu wakiletewa mafuta ya yungiyungi ndani ya chupa ya mtu mwingine, huuliza kama Kaha anaumwa.

Samadi yake ni ya punda wake tu. Ya ng'ombe, anasema, ina kiburi, inapasua kioo. Bwana Ruru, msimamizi wetu, aliisikia habari hiyo akaiongezea chumvi. Aliwaambia wateja kwamba chupa ya Kaha anaitambua kwa kuinusa. Tanuru huteketeza kila harufu, na ule moyo hukwanguliwa wote, lakini nani amwambie mkubwa kuhusu pua yake?

Mzee ana binti huko Abidu, na wajukuu wawili ambao hajawahi kuwabeba. Kila mafuriko aliomba ruhusa, kila mafuriko akaambiwa asubiri. Mwaka huu aliomba mbele ya karakana nzima, na Bwana Ruru akaapa kwa Ptah, mlinzi wa mafundi, kwamba siku atakaposhindwa kuitofautisha chupa ya Kaha na ya mwingine, siku hiyo mzee atakwenda.

Tukatengeneza mbili, yake na yangu. Yangu ilitiwa doa jekundu chini ya kitako, kwa amri ya msimamizi mwenyewe. Mpini wake ulikuwa umepinda kama sikio lililong'atwa. Mwenye macho asingekosea. Asubuhi zilipotolewa kwenye jivu, Mzee Kaha alipita karibu na yangu akiwa amefumba kiganja. Alikuwa ametoka kumlisha punda.

Bwana Ruru hakuangalia mpini. Alinusa chupa ya Kaha kwanza, akaiweka kando; kwenye yangu pua yake ikazama yote. Akapiga chafya, akafuta machozi.

"Hii ndiyo ya Kaha," akasema. "Ningeijua hata usingizini."

Tukaigeuza, doa hilo hapo. Mzee Kaha akainama kwa adabu. "Bwana mkubwa, kijana amefuzu. Mimi nifunge mizigo?"

Bwana Ruru, najua umekaa hapo karibu na mtungi wa bia. Usinune. Muhuri wa ruhusa umeshakauka.

Mzee wetu, asante kwa vidole vyako vilivyoungua na kwa vitunguu ulivyotugawia siku za njaa. Maji yakupeleke taratibu, wajukuu wakuchoshe, uzee wako uwe mtamu.

Ila umeniachia balaa. Tangu siku ile Bwana Ruru anasema chupa zangu hazitofautiani na zako hata kidogo, na kwamba fundi kama mimi haruhusiwi kwenda popote. Hata hivyo, watu wa Buheni watakaosikia haya wamwambie mke wangu anitarajie mafuriko yajayo yakishapungua. Mzee anasafiri kwa mashua, na punda ameniachia mimi.