Bomba la Kupulizia Motokaa

Alasiri wapaka rangi wa mji wa Morogoro walikaa kwenye benchi pembeni mwa duka la Vinod, njia ya stesheni, wakinywa kahawa ya Hatibu. Siku hiyo Mikidadi, mkubwa wao, alikuja na kikapu, akatoa mabomba mawili ya kupulizia rangi aliyoazimwa na Vinod ayatazame. Mdachi mwenye shamba la mpira alikuwa ameleta motokaa, naye hakutaka ipakwe kwa brashi ikabaki na michirizi. Alimwambia Mikidadi achague bomba moja, kazi itakuwa yake. Tangu reli ifike, Mikidadi na mwenzake Abasi walikuwa wakipaka pamoja magari ya Wadachi ya kukokotwa na nyumbu, huyu ubavu huu, yule ubavu ule.

Stambuli, waliyemwita Baragumu kwa sauti yake, alishika lile la mdomo mpana akasema hilo ndilo, rangi itamwagika kama mvua ya masika. Hatibu akakataa. Alitaka lile la tundu dogo, maana hata birika lake lingekuwa na mdomo mpana angeunguza watu. Baragumu alipoona anashindwa, akadai rangi ya bomba hugonga chuma ikarudi kifuani mwa mpulizaji, na kwamba huko Dari Salama kuna mtu anakohoa kijani.

— Nyie mnadhani ni la motokaa tu, Hatibu alisema. Mdachi akishalizoea atatupanga mstari. Aliyelipa kodi apuliziwe rangi yake, asiyelipa yake. Hatahangaika tena kuuliza vipande vya kazi.

Mikidadi akamgeukia Abasi, aliyekaa mwisho wa benchi, akamuuliza yeye anaonaje.

— Chukua la tundu dogo, Abasi alisema. Motokaa ina kona nyingi.

Wakati huo Asia, mkewe Abasi, alikuwa akitoka sokoni kurudi nyumbani Bigwa. Hakuwa na desturi ya kusimama pale, lakini siku hiyo alitua mzigo wake.

— Shikamoo, kaka Mikidadi.

— Marahaba, shemeji.

Aliyatazama yale mabomba kwa muda.

— Bomba moja linashikwa na watu wangapi?

Baragumu alitazama barabarani. Hatibu akajishughulisha na makaa. Mikidadi alirudisha mabomba kikapuni. Abasi aliinuka, akamtwika mkewe mzigo, wakaondoka pamoja.

Mikidadi alichukua la tundu dogo. Mwezi ulipoandama, motokaa ilikuwa inang'aa bila mchirizi, na Mdachi aliipapasa kwa kiganja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Abasi, aliyekutwa na askari hana kazi wala kipande, alikuwa amekwisha kupelekwa shambani kwa Mdachi huyohuyo kugema mpira. Jioni Mikidadi alipita kwenye benchi. Nafasi ilikuwepo, Hatibu akamwonyesha, lakini alikunywa kahawa yake akiwa amesimama.