Maisha ya Gershom Mwarandu Nguma, Mtega Malema wa Likoni

Wazee wetu, mchungaji, majirani wa dini zote mbili, na nyinyi mliovuka kwa feri tangu alfajiri, familia inawaomba mtulie kidogo tumtaje mtu wetu kabla hatujamfunika.

Marehemu Gershom Mwarandu Nguma alizaliwa Rabai mwaka wa 1899, siku na mwezi havikuandikwa, ila mamake alizoea kusema kwamba alimzaa katika ile njaa kubwa, na kwamba mwanamke jirani aliyekuwa na mbuzi mmoja tu alimletea maziwa kila asubuhi mpaka alipopata nguvu za kunyonyesha. Alisoma shule ya misheni hapohapo Rabai tangu Januari 1909 hadi mwisho wa mwaka 1911, akajua kusoma Injili na kuandika jina lake, kisha babake akafariki, naye akaacha masomo akalime pamoja na mamake. Mwaka wa 1917 alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya vita kule nchi ya Wajerumani, akarudi Desemba 1918 akiwa mzima wa viungo lakini mwenye kifua kibovu, na kifua hicho hakikupona tena.

Mwezi wa Machi 1920 alihamia Likoni, akapokewa na Mzee Boga, Mdigo aliyekuwa akitega malema kwenye mwamba, yaani yale makapu ya fito ambayo samaki huingia asijue kutoka. Mzee Boga hakuwa na mtoto wa kiume, akamfundisha marehemu kazi yote bila kumdai chochote, jinsi ya kusuka lema, jinsi ya kuvunja miiba ya samaki ngogo kabla hajamtia mkono, na jinsi ya kumlaza samaki kikande mwiba wake wa mgongoni, ambao hauanguki kwa nguvu ila kwa kubonyezwa ule mdogo ulio nyuma yake. Tarehe 9 Septemba 1922 marehemu alifunga ndoa na Kafedha, kanisani Rabai, wakajaliwa watoto watatu, Kombe aliyezaliwa mwaka 1924 na sasa anafanya kazi Changamwe kwenye matangi ya mafuta, Nyamvula aliyezaliwa 1927 na kuolewa Chaani, na Garama aliyezaliwa 1931, ambaye surua ilimchukua akiwa na miaka miwili.

Malema huingia samaki wa kila namna, na wale wazuri, changu na tewa, marehemu aliwauza, lakini waliobaki, mikunga, ngogo, na hasa vikande wenye ngozi ngumu kama ya kiatu, hakuna aliyewataka. Vijana walizoea kumpigia kelele pwani, "Mwarandu, leo umevua viatu jozi ngapi?" naye akiwajibu bila kuinua kichwa, "Vingi, ila vya kuingia mguu wako havimo." Nyumbani kwake vikande hao walichunwa, wakachemshwa kwa ndimu na chumvi, wakaungwa kwa tui zito, na aliyeonja mara moja hakucheka tena. Ilipofika vita hii ya juzi, samaki wazuri wote wakawa wanapelekwa kwenye majiko ya askari, na mwaka wa 1943 mvua ikakosekana na unga ukawa haba, ndipo wengi wa mtaa wetu walipoanza kupita nyumbani kwa marehemu jioni wakiwa na bakuli chini ya kanga, na hakuna aliyerudi na bakuli tupu.

Sasa tunafika mahali pazito. Familia imekaa ikakubaliana kwamba neno hili lisirukwe, kwa sababu wengi mliopo mnalijua, na wengine mnalijua vibaya.

Jirani wa marehemu alikuwa Mzee Hamdun, pamoja na mkewe Bi Mwanatabu, na ua uliotenganisha nyumba hizo mbili ulikuwa wa makuti tu. Nyama haikuvuka ua huo kwa sababu ya mambo ya kuchinja, lakini samaki hana kuchinjwa, akavuka miaka na miaka. Bi Mwanatabu vidole vyake vimevimba maungo, hawezi kumchuna kikande, kwa hiyo marehemu alimchunia. Mzee Boga alikuwa amemwachia kanuni moja, kwamba samaki wa kumpa mtu huachwa na kichwa chake hata kama ngozi imetoka, na bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, ndiye peke yake anayekatwa kichwa, kwa kuwa nyama yake ni ya kuwekwa chambo ndani ya malema, na akishachunwa hatofautiki na kikande. Lakini Mzee Hamdun alikuwa mgonjwa wakati ule, chakula hakimpiti, na Bi Mwanatabu akamwomba marehemu, "Vyangu vitoe vichwa, baba Kombe, Hamdun akiyaona yale meno husema namlisha mtu." Marehemu alicheka, akakubali, akafanya hivyo miezi mitatu, akiweka chambo kwenye kapu lake na kitoweo cha jirani kwenye kapu jingine.

Siku ya Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, askari walikuja pwani wakaamuru wavuvi wote waondoke upesi, na katika kukusanya vitu kwa haraka makapu mawili yakawa moja, na nyama ya bunju ikavuka ua pamoja na kitoweo. Bi Mwanatabu alipopika aliona kitoweo ni kidogo, akamwachia mumewe chote, yeye akanywa uji. Mzee Hamdun alilalamika kwamba midomo imekufa ganzi, kisha miguu, kisha pumzi, na kabla ya magharibi alikuwa amefariki.

Marehemu alikwenda mwenyewe kwa polisi akasema ni mkono wake. Aliyemtoa huko ni Bi Mwanatabu, aliyetembea akiwa ndani ya eda yake, amejifunika gubigubi, kwenda kuwaambia kwamba mtu huyu hakukusudia na yeye hamdai. Basi serikali ilimwacha, lakini mtaa haukumwacha. Hakuna aliyenunua tena samaki wake hata changu, waliopita na bakuli jioni wakabadili njia, na wako waliomwambia Kafedha kwenye kisima ahame na sufuria zake. Marehemu aliweka malema juu ya paa, akaenda kuvunja mawe Changamwe kwa kibarua, na vumbi lile likamaliza kifua chake. Hata hivyo yaliyokuwa yakimsumbua si maneno ya watu. Alitaka jambo moja tu, kwamba nyumba ya Hamdun ipate kula tena chakula cha kutoka nyumba yake.

Mwaka wa 1946 alirudi baharini, na kila alipopata kikande alimpeleka mlangoni kwa Bi Mwanatabu, mzima, ana ngozi, ana kichwa, ana macho. Bi Mwanatabu hakuwahi kumtupa samaki huyo wala kufunga mlango. Alimpokea, akasema ahsante, na baadaye akamrudisha kwa Kafedha akiwa amefunikwa kwa jani la mgomba nzi wasimguse. Siku moja marehemu alishindwa kunyamaza, akamwuliza, "Bi Mwanatabu, hujanisamehe?" naye akajibu, "Nilikusamehe siku ya hitima, baba Kombe, wallahi sina kitu nawe moyoni. Ni koo hili. Nalibembeleza, lakataa." Marehemu alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti mpaka Kafedha akamshika mkono kumwingiza ndani.

Mwezi wa Novemba 1948 alianza kutema damu. Alilazwa hospitalini kisiwani mara mbili, na mwezi wa Julai mwaka huu daktari akasema kwa upole kwamba ni heri akae na watu wake. Siku ya Jumatatu, tarehe 25 Julai 1949, Kafedha alikuwa amempikia kikande wa tui aliyeletwa na Kombe, na marehemu akawa hawezi kula, Bi Mwanatabu akaingia, akabisha hodi akiwa ameshafika ndani, akavuta kibao akaketi karibu na kitanda. Alimwambia Kafedha, "Niletee sahani hiyo, mwanangu, na kichwa cha samaki nikione." Kafedha akaleta vyote viwili. Bi Mwanatabu alikitazama kichwa kwa muda, akamega tonge dogo kwa vile vidole vyake, akasema bismillahi, akatia kinywani. Alitafuna muda mrefu, machozi yakimtoka. Akameza. Alimega la pili, likafika mdomoni, akalirudisha sahanini.

"Limeshuka moja, ndugu yangu," akasema. "La pili bado."

Marehemu alimwambia, "Latosha."

Alifariki Alhamisi, tarehe 4 Agosti 1949, baada ya adhuhuri, kichwa chake kikiwa kwenye paja la Kafedha. Ameacha mjane mmoja, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inamshukuru daktari na yule dresa wa hospitali aliyekuwa akimgeuza ubavu bila kuombwa, vijana wa feri waliokibeba kitanda chake hadi ng'ambo wakakataa nauli, wafanyakazi wenza wa Kombe waliotoa mbao za jeneza, na wavunja mawe wa Changamwe waliolitengeneza usiku kucha. Tunawashukuru majirani, hata wale ambao leo ndiyo mara ya kwanza kuingia ua huu tangu mwaka ule, mkaribie, mkae, chakula kimepikwa na vichwa vya samaki vimo. Na wewe Bi Mwanatabu, uliyemwekea mkeka wako wa ndani alale juu yake mara ya mwisho, hatuna neno la kukutosha.

Baba Kombe, umechoka. Mungu akupe sasa utulivu ulioukosa tangu Jumamosi ile, ulale.