Hesabu Ilipomsimamisha Mkimbiaji Wangu

Dada zangu, wa kanisani na wa msikitini, nawasalimu nyote mliojibana kwenye chumba hiki cha Mahjar, hapa Jeddah. Mnanijua kwa pilau, si kwa hotuba, kwa hivyo mkiona nababaika mnivumilie. Nikinyamaza na jambo hili nitakuwa mchoyo, maana mpaka leo nikilifikiria nabaki mdomo wazi.

Nina binti mmoja. Nilimwacha kwa mama yangu, kule Bonde la Ufa, nikaja Riyadh wakati ule kila kijiji kilikuwa na ajenti anayeandikisha wasichana wa kazi za ndani Uarabuni. Mtoto alikuwa anakimbia. Sisemi kukimbia kwa mtoto aliyetumwa dukani. Mita mia nane, wenzake wanaingia kona ya mwisho, yeye ameshamaliza anafungua kamba za viatu. Akiwa kidato cha nne, kocha wa chuo kimoja cha Amerika akamwona kwenye mashindano ya shule, akasema anamtaka: masomo bure, malazi bure, chakula bure. Niliposikia nilikaa sakafuni jikoni, madam wangu wa kazi akadhani nimezimia.

Sasa sikilizeni tulivyo. Kwetu mtoto akionekana ana miguu, kila mtu humsamehe darasa. Akisinzia kwenye hesabu, mwalimu anasema mwacheni, ametoka mazoezini. Hakuna aliyetuambia kwamba kule Amerika mwanariadha wa chuo huangaliwa masomo kwanza, ndipo miguu. Wanataka Kiingereza, hesabu, sayansi na masomo kama historia, na kote awe amepita. Matokeo yalipotoka, binti yangu alikuwa amepita yote isipokuwa hesabu. Hesabu alipata E. Kocha akampigia simu akasema pole, sheria si yangu. Akaongeza kwamba sheria hiyohiyo inamruhusu kurekebisha somo moja tu, ndani ya mwaka mmoja tangu amalize shule. Akipita, nafasi yake ipo. Asipopita, basi.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikufa nikiwa nimesimama. Binti alivua viatu vya mbio akampa binamu yake. Akaniambia, "Mama, nitafutie ajenti, na mimi nije huko." Hapo ndipo nilipovunjika, kwa sababu mimi nilikuja huku ili yeye asije. Nikawa naunguza wali, nasahau chumvi. Madam ananiuliza, "Una nini? Mgonjwa?" Nami namjibu mafi, hakuna kitu.

Baadaye kidogo baba wa ile nyumba akahamishiwa Jeddah, tukaja kukaa mtaa wa Baghdadiyah. Madam akatafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto hesabu kila alasiri. Akaja mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, Kiarabu chake cha hapahapa. Siku moja nampelekea chai huku nambembeleza binti kwenye simu arudie hesabu, nikasikia nyuma yangu: "Mwanangu, huyo mtoto hesabu imemshinda wapi?" Kiswahili cha Unguja, laini kama tui. Kumbe alizaliwa Jeddah, lakini wazazi wake walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi. Nusu ya chai niliimwaga.

Aliomba simu, akamwuliza binti maswali madogo madogo, akanirudishia. "Huyu si mjinga. Kapotea zamani, kwenye mafungu, nusu na robo, akaona haya kusema. Yote yaliyofuata yamejengwa juu ya shimo." Akasema kila akimaliza na watoto atanipa dakika chache. Yeye ataandika kwenye karatasi, mimi nipige video nimtumie mtoto.

Nyinyi mnaoishi ndani ya nyumba za watu mmeshajua kosa nililokuwa nalifanya. Kuinua kamera sebuleni, wenye nyumba hawajajifunika. Furaha ilinitoa akili. Madam akaingia akaona simu imeelekezwa kwake, akaichukua mkononi mwangu.

"Halas, basi. Unapiga picha nyumba yangu? Leo unarudi ofisini kwa ajenti."

Nilijua nikirudishwa, binti yangu atakuwa amepoteza chuo na mwalimu pamoja. Mwalimu wala hakupandisha sauti. Akasema kwa Kiarabu, "Tazama kwanza, ndipo uhukumu." Madam akafungua video. Mkono na karatasi. Akafungua nyingine, mkono na karatasi. Halafu ikatokea sauti ya binti yangu: "Mwalimu, nimepata moja ya nane. Nimekosea tena?" Madam akauliza anasema nini. Mwalimu akamtafsiria, akamweleza habari ya mbio, ya chuo, na ya mwaka unaokwisha.

Madam akaifunga ile video. Kisha akasema, "Kamera, hapana. Sauti, sawa." Akanirudishia simu. "Yalla, mwalimu, endelea."

Ikabidi hesabu ifundishwe kwa maneno matupu. "Twaa chapati, mwanangu. Ikate kati. Nusu moja ikate tena." Huku mimi nakata mkate nione kama maneno yanatosha, kule binti anakata chapati na bibi yake analalamika chakula kinachezewa. Nisipoelewa mimi, mwalimu anasema upya kabla hatujatuma. Mimi niliyeacha shule bado mtoto ndiye nikawa kipimo. Siku moja akaeleza kwa nini ukigawa mkate kwa nusu unapata vipande vingi zaidi, na nikaelewa. Dada zangu, nilisimama na kisu mkononi, mwili umenisisimka. Kitu kikubwa namna ile, na nilikuwa nakikata kila asubuhi bila kukiona.

Kutoka kwenye chapati wakaenda milinganyo, wakaenda pembetatu, huko mimi nikaachwa njiani. Mwisho wa mwaka binti akarudia mtihani. Matokeo yalipotoka akapiga simu, hata salamu hakutoa.

"Mama. C."

Nikamwambia arudie.

"C, mama. Kocha amesema nije."

Mbio zake za kwanza chuoni tulizitazama kwenye simu, mimi, mwalimu na madam, sofa moja. Nilikuwa nimeifuta sofa ile tangu tuhamie na sijawahi kuikalia. Binti akawa wa nne. Madam akapiga kigelegele utadhani tuko harusini. Mwalimu akavua miwani akafuta machozi, kisha akasema, "Mwambie asilegee. Alama zikishuka, hawamruhusu kukimbia." Mwalimu ni mwalimu tu.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama huyo, namshukuru madam ambaye angeweza kunifukuza na hakunifukuza. Nanyi mlioniombea na kunisomea dua, asanteni. Najua humu kuna mwenye mtoto anayekimbia au anayecheza mpira. Ukimpigia leo, kabla hujauliza habari za uwanjani, mwulize hesabu inaendaje. Akikuambia inaenda vizuri, mwulize tena. Wangu aliniambia hivyo miaka yote, kwa sababu hakutaka nilie nikiwa mbali.