Mama Pini na Koti Namba Kumi na Saba

Mama Pini amefanya kazi katika kiwanda chetu cha sare kwa miaka thelathini na moja na miezi minne, na leo Ijumaa, tarehe ishirini na tisa Agosti, anastaafu. Katika miaka hiyo yote hakuna siku hata moja, narudia, hata moja, aliyovaa koti la kazi kama lilivyotoka mezani kwangu. Mimi ndiye mkataji, meza ya kwanza, karibu na dirisha. Nilistaafu kabla yake, miaka mitatu sasa, wakaniita tena kwa mkataba maana mkasi ulikosa mwenyewe. Kwa hiyo meneja alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu hakuwa na wa kumchagua ila mimi. Shule yangu iliishia darasa la nne. Nimeandika kwa mkono, karani amepiga chapa, na nimemwonya asinipunguzie neno.

Aliingia hapa akiwa msichana mwembamba, akapewa cherehani ya tatu, mstari wa pili, kushona kola. Kola si kazi ya kitoto. Kola mbaya humfanya hata mkurugenzi aonekane ameazima shati. Kola zake zilikaa sawa tangu wiki ya kwanza, hilo silipingi. Mwisho wa wiki hiyo akapewa koti la bluu, namba kumi na saba imeshonwa ndani ya shingo. Nililikata mwenyewe. Bega limetulia, mfuko umenyooka, ukilivaa hata kama ni mwizi unaonekana mtu wa maana.

Wiki ya pili akaja nalo lina mkono mmoja mwekundu.

Alikuwa ameung'oa mkono wangu, akapachika wa kitambaa cha mabaki alichookota chini ya meza yangu mwenyewe. Nikamuuliza, binti, ule mkono ulikuwa na kosa gani? Akasema hauna kosa, Mzee, ila humu ndani tuko watu sitini na wote tumevaa mkono ule ule, mama yangu akija getini atanijuaje? Nikamwambia atakujua kwa sura. Akasema, "Sura nilikuja nayo kutoka nyumbani. Mkono nimeutengeneza mwenyewe." Na angalieni, ananiita Mzee wakati huo sina hata unywele mmoja mweupe. Mvi zote hizi mnazoziona ni kazi yake.

Jina la Mama Pini alilipata miaka miwili baada ya likizo ya uzazi. Mtoto alikuwa ameacha kuvaa nepi, basi mama mtu akazileta kazini zile pini kubwa za kufungia, akazipanga kifuani kama nishani za jenerali. Pini zikaita pini nyingine. Kisha ikaja cheni ya kizibo cha sinki. Kisha vizibo vya soda, amevigonga kwa nyundo vikawa bapa, amevipanga begani kama magamba ya samaki. Akitembea unamsikia kabla hujamwona. Cheni ilipojaribu kuingia kwenye cherehani na kuvunja sindano nilimwambia, si nilisema! Akaikata vipande, akaihamishia mgongoni ambako haigusi mashine, akaendelea na kola. Sikio la kufa halisikii dawa.

Vijana wa siku hizi wamenieleza kwamba ule ni mtindo, unaitwa panki, na una wenyewe duniani. Watu wanachukua nguo nzima, wanaichana kwa makusudi, wanaibana kwa pini na kuiandika maneno, kusudi wasipangiwe na mtu wavae nini wala waonekane nani. Mimi nikawajibu kuchana hata panya anachana. Mtu anayejua nguo anaonekana kwenye kukata.

Halafu akaandika. Alichukua rangi nyeupe ile ya kupigia alama kwenye marobota, akaandika mgongoni kwa herufi kubwa: MIMI SI GUNIA. Siku tatu sikumsalimia. Koti nimelikata mimi, sasa anatangazia dunia kwamba ni gunia? Siku ya nne akaja mezani na chai, akaiweka mbali na kitambaa kama anavyojua ninavyotaka, akasema, "Mzee, sijasema koti. Nimesema mimi." Nikanywa chai. Kukubali sikukubali.

Watu wakaanza kumwiga. Mshona vifungo akatia utepe wa kijani kwenye pindo, mpiga pasi akakunja mikono akaibana kwa pini tatu tatu. Meneja aliyekuwepo akabandika tangazo ubaoni: ni marufuku kubadilisha, kupamba au kuchana koti la kazi, sahihi, muhuri. Kesho yake tangazo halipo. Tukalitafuta. Saa ya chakula Mama Pini akageuka kuchukua maji, tukaliona: lipo mgongoni kwake, amelifunika kwa nailoni na kulishona pande zote nne, muhuri unaonekana vizuri kabisa. Akaitwa ofisini. Alipotoka tukamuuliza umejiteteaje. Akasema amemwambia bosi kwamba ubaoni lilikuwa linasomwa na watu wachache, yeye analitembeza kiwanda kizima.

Na huyo huyo meneja, siku ya wageni, suruali ilimpasuka nyuma akiwa ameinama kuwaonyesha gurudumu la cherehani. Nani alimwokoa? Pini nne kutoka kifuani kwa Mama Pini. Siku nzima mkubwa wetu alitembea wima kama mlingoti, kitu kikianguka anakitazama tu. Tangu hapo hatukusikia tena habari za marufuku, lakini tangazo halikutolewa mgongoni. Lipo mpaka leo.

Mafanikio yake ni haya. Amefundisha mafundi wa kola kumi na wawili, na saba kati yao wako hapa. Zawadi ya mfanyakazi bora ameipata mara mbili. Mimi nimeipata mara tano, lakini leo si siku yangu. Mstari wa pili haujawahi kurudishiwa kola na mteja, hata moja. Chumba cha nyuma ya nyumba yake kila Jumapili kinajaa vijana wa mtaani na mashati yao ya kawaida. Anawapa sindano, uzi na mabaki, na anawaambia neno moja: msinionyeshe mlichokiona kwa mwingine. Huko ndiko anakokwenda kuanzia kesho, na cherehani yake moja ya kukanyaga.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha raha wiki hii.

Hapa kwetu anayestaafu anarudisha koti. Koti linaletwa meza ya kwanza nami nalikata vipande vinne, viwe matambara ya kufutia mafuta ya mashine, kisha bwana stoo anasoma namba kwenye kipande cha shingo na kutia alama kwenye daftari. Ndiyo desturi, na mkasi ni wangu. Nimekata makoti ya watu wengi. Nilipostaafu nililikata langu mwenyewe. Waliponirudisha nikapewa jipya, nikasisitiza nipewe na namba yangu ile ile, namba moja.

Jumatatu hii Mama Pini akaleta lake. Siku hiyo hakuniambia nisilikate, hakuomba, hakununa. Aliliweka mezani, akalinyoosha kola kwa vidole viwili, akasema, "Kata vizuri, Mzee. Usiende upogo." Akarudi kwenye cherehani yake amevaa koti la kuazima la stoo, bluu tupu. Nilimtazama kutoka mezani kwangu na, Mungu ananiona, kwa mara ya kwanza sikuweza kumtofautisha na wengine kwenye mstari.

Ukikata juu ya pini unaua mkasi, kwa hiyo nikaanza kuzichomoa. Moja, moja. Ni mia mbili na kumi na nne. Nikafika mgongoni, nikafumua lile tangazo la marufuku, na chini yake nikakuta kiraka nisichowahi kukiona. Kipande kilichopunguzwa kwenye mkono wa koti. Upande mmoja bluu inayong'aa, upande wa pili kijivu kisicho na maisha. Nikakaa chini.

Nitasema jambo ambalo sijalisema kwa miaka kumi na tisa, hata kwa mke wangu, na mke wangu namwambia mengi kuliko anayotaka kusikia. Mmenisikia humu ndani nikijigamba kwamba mkasi wangu haujawahi kukosea. Umekosea. Mara moja.

Tulikuwa na oda ya makoti ya bendi ya matarumbeta, thelathini na sita, pamoja na moja la akiba. Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo: uso bluu ya kung'aa, mgongo kijivu. Kila mkataji anajua kwamba mikono unaikata kitambaa kikiwa kimetazamana uso kwa uso, ndipo unapata wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Mimi nilikitandika chote kikitazama juu. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wiki ile nilikuwa nimesifiwa sana, ilikuwa inajulikana nitapandishwa kuwa mkataji mkuu. Nikakata bila kutazama. Nilipomaliza nilikuwa na mikono sabini na minne, yote ya kushoto. Kitambaa kimekwisha. Bendi inakuja kesho kutwa.

Mama Pini alikuja mezani kuchukua kola zake, akaona. Hakucheka. Akachukua mkono mmoja, akaugeuza, kijivu kikaja nje, na hapo ukawa wa kulia. Akauliza mstari wa pili nani anabaki jioni. Kufikia siku ya pili kila koti kati ya yale thelathini na sita lilikuwa na mkono wa kushoto wa bluu na wa kulia wa kijivu, na huo wa kijivu ameutia milia ya vipande vya bluu, kila mmoja kwa namna yake, hakuna wawili waliofanana. Kiongozi wa bendi akavaa, akajitazama, akainua tarumbeta, akalipuliza pale pale stoo mpaka vumbi likashuka darini. Mwaka uliofuata akarudi kuagiza mengine, akasema mkono uwe vile vile.

Lakini meneja alitaka kujua nani amebadilisha oda ya mteja bila ruhusa. Mama Pini akasema ni yeye, ameibuni mwenyewe, na nani asingeamini, mtu mwenye koti kama lile? Akapewa barua ya onyo. Ikakaa kwenye faili lake, na nafasi ya usimamizi wa mstari wa pili ikampita ikaenda kwa mwingine. Mwezi ule ule mimi nikawa mkataji mkuu. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu huku anatunga uzi, hata hakuinua kichwa: "Ukifukuzwa wewe, Mzee, nani atanigombeza?"

Hiyo ndiyo sababu nimemgombeza kwa bidii miaka yote. Nilikuwa nalipa.

Sasa bwana stoo, ukifika hapa kaa kitako. Matambara manne uliyoyapokea Jumatatu jioni si koti la Mama Pini. Nilifumua namba kumi na saba kwenye shingo yake, nikaishona kwenye koti langu, na langu ndilo nililolikata. Ndiyo maana ukaona matambara yamenyooka hivyo. Kwenye shingo ya lake sasa ipo namba moja, ambayo haijawahi kukaa shingoni mwa mtu mwingine katika kiwanda hiki. Daftari lako likidai koti, linanidai mimi. Na meneja wa sasa, ile barua ya onyo ina jina la Mama Pini badala ya langu. Itoe leo kabla ya keki, uiweke kwenye faili langu. Faili langu ni nene, litaibeba.

Mama Pini, koti lako liko chini ya meza ya kwanza, ndani ya karatasi za kuchorea. Pini zote, isipokuwa moja, nimezirudisha kwa kufuata matundu yake, na tangazo nimelishona mahali pake. Vidole vinaniuma na sitaki pole.

Mimi nimebaki bila koti, tangu Jumanne naingia kwa huruma ya mlinzi, maana sheria inasema asiye na koti haingii. Lakini mkataji anayejua kazi huwa na akiba. Lile koti la thelathini na saba, la bendi, lilibaki kabatini kwangu miaka kumi na tisa halijaungwa mikono. Leo nimelivaa. Wa kushoto ameushona mke wangu, na amecheka sana. Wa kulia, wa kijivu, umeshikwa na hiyo pini moja niliyoazima na unakaribia kung'oka mbele za watu.

Asante kwa kola, asante kwa chai, na asante kwa kelele za vizibo ambazo Jumatatu nitazitafuta nisizisikie. Uishi miaka mingi, wewe na cherehani yako, na siku zako zisifanane na za mtu mwingine yeyote. Sasa acha kusoma, vaa koti lako, uje hapa mbele. Chomoa pini mbili. Na usinibane upogo.

Mkataji,
Meza ya kwanza